Namna ya Kumsoma Mpinzani Kabla ya Mechi za Nyumbani na Ugenini

Mpinzani wa mechi mbili za mtoano hasomwi kama mpinzani wa mechi moja ya ligi. Katika ligi, kosa la Jumamosi linaweza kufidiwa wiki inayofuata mbele ya timu nyingine kabisa. Katika mtoano, kosa la mkondo wa kwanza husafiri nanyi hadi kwenye marudiano, na mpinzani analijua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kocha msaidizi au mchambuzi aliyepewa kazi hiyo peke yake, bila idara nzima nyuma yake, kwa kuwa hiyo ndiyo hali ya klabu nyingi za hapa Tanga, kuanzia zinazocheza ligi ya mkoa kwenye viwanja vya shule hadi Coastal Union na African Sports zilizozoea uwanja wa Mkwakwani. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: simu au kompyuta mpakato, daftari, kalamu za rangi mbili, bando la kutosha na saa kadhaa za utulivu.

Msingi wa yote yafuatayo ni mmoja: tafuta kile ambacho mpinzani anakirudia. Bao la mbali lililogonga mwamba na kuingia litavutia macho ya kila mtu, lakini kama limefungwa mara moja tu msimu mzima, halikufundishi chochote kuhusu namna ya kucheza na timu hiyo. Beki wa kushoto anayechelewa kurudi kila timu yake inapopoteza mpira hataonekana kwenye video fupi za mitandaoni, na huenda yeye ndiye atakayewavusha.

Anza na maswali ya kocha mkuu

Kabla ya kufungua video yoyote, kaa na kocha mkuu umuulize anataka kujua nini. Mchambuzi anayeanza bila maswali hurudi na kurasa nyingi ambazo hakuna atakayezisoma, na wachezaji hawatakumbuka hata robo yake. Kocha anayepanga kuzuia na kushambulia kwa kushtukiza hana haja kubwa ya kujua jinsi mpinzani anavyozuia timu inayomiliki mpira muda mrefu. Anahitaji kujua nani hubaki nyuma wapinzani wakipanda, na mbio za hao wanaobaki zikoje. Jitahidini maswali yasizidi matano. Katika hayo, moja lisikosekane kamwe: mpinzani akitangulia kufungwa, hubadilisha nini? Timu nyingi hupendeza zikiwa mbele kwa bao moja, na tabia yake halisi hujitokeza inapolazimika kutafuta bao.

Siku hiyohiyo soma kanuni za mashindano mwenyewe, usitegemee kusimuliwa. Shirikisho la Ulaya, UEFA, liliondoa mwaka 2021 sheria ya bao la ugenini, yaani jumla ya mabao ikilingana hupita timu iliyofunga mengi zaidi ugenini, na tangu hapo wapo watu wengi mitaani wanaodhani imeondoka duniani kote. Simba iliijua maana yake Oktoba mwaka huohuo: ilishinda 2-0 ugenini Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy, ikafungwa 3-1 Dar es Salaam, jumla ikawa 3-3, na ikatolewa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mabao ya ugenini. Mwaka 2023 Yanga ililikosa Kombe la Shirikisho Afrika kwa njia hiyohiyo, baada ya kufungwa 2-1 na USM Alger nyumbani na kushinda 1-0 Algiers. Kwa hiyo andika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako: bao la ugenini linahesabiwa au halihesabiwi, timu zikitoshana kwa jumla ya mabao kuna dakika thelathini za nyongeza au ni penalti moja kwa moja, kadi za njano ngapi humfungia mchezaji mechi, na ni nani kati yao na kati yenu anayeikaribia idadi hiyo. Majibu haya yataamua hata ni mechi zipi za mpinzani zinazofaa kutazamwa.

Kuchagua mechi za kutazama

Mechi tano zinatosha zikichaguliwa vizuri, na kumi hazitoshi zikichukuliwa ovyo. Chagua mbili walizocheza nyumbani na mbili za ugenini, zote za karibuni na zote za kocha waliye naye sasa. Kama kocha amebadilishwa wiki tatu zilizopita, mechi za kabla yake zina thamani ya kumjua mchezaji mmoja mmoja tu. Ya tano iwe mechi waliyopoteza, hata kama ni ya zamani kidogo. Miongoni mwa hizo tano, angalau moja iwe dhidi ya timu inayocheza kama ninyi.

Hapa kuna mtego ambao wengi hunasa kwa sababu ya upatikanaji wa video. Mechi zinazopatikana kwa urahisi zaidi ni zile za Simba na Yanga, kwa kuwa ndizo zenye watazamaji. Lakini timu nyingi za Ligi Kuu zikikutana na hao wawili hujifungia nyuma kwa mabeki watano na kuomba sare, na mkichukua mechi hiyo kuwa kipimo mtajiandaa kwa ajili ya timu ambayo haitafika Tanga. Itakayofika ni ileile inayojiona sawa nanyi au bora kuliko ninyi, na itapanda. Vilevile muhtasari wa dakika tano hauwezi kuwa msingi wa uchambuzi: unaonyesha mabao na kukosa mabao, wakati unachokihitaji kipo katika zile dakika themanini na tano zilizokatwa. Kwa mpinzani wa ndani, Azam TV hurusha mechi za ligi na si vigumu kumpata mtu aliyerekodi. Kwa mpinzani wa nje, anza na kurasa za YouTube za klabu yenyewe na za ligi ya nchi yao, kisha omba kwa klabu ya nchi nyingine iliyokutana nao karibuni. Makocha husaidiana kuliko watu wanavyodhani, mradi uwe tayari kurudisha fadhila.

Kama mpinzani anacheza mahali panapofikika kwa basi, nenda. Kamera hufuata mpira; wewe ufuate wasio na mpira. Kaa juu kabisa ya jukwaa, ikiwezekana nyuma ya goli kwa kipindi kimoja, kwa kuwa ukiwa hapo utaona upana wa mabeki, umbali kati ya beki wa kati na kipa, na nani huzungumza na kuwapanga wenzake. Fika mapema uone mazoezi ya kupasha misuli: nani amefungwa bandeji pajani, kipa anadakaje mipira ya juu, winga wa akiba anapiga krosi kwa mguu gani. Wala usivae jezi ya klabu yako, maana utamaliza dakika tisini ukijibu salamu. Kuhusu kuchungulia mazoezi ya watu ya faragha kwa kupanda ukuta, mimi sishauri. Mbali na kwamba ni aibu mkikamatwa, timu ikiwa mazoezini huonyesha inachokusudia, na mechini huonyesha inachokiweza.

Kutazama mara mbili

Mara ya kwanza tazama mechi nzima bila kusimamisha video, kisha andika sentensi tatu tu kuhusu timu hiyo. Sentensi hizo zitunze. Mara nyingi mwishoni mwa kazi utakuta moja kati ya hizo tatu ilikuwa ya kweli kuliko ukurasa mzima ulioandika baadaye, na nyingine ilikuwa ni hisia tu.

Mara ya pili ndipo unaposimamisha, kurudisha na kuhesabu. Tumia kalamu ya bluu kwa kilichotokea na nyekundu kwa unachokifikiria, na usichanganye. "Dakika ya 23, kipa amepiga mrefu upande wa kushoto, namba 9 ameshinda kichwa" ni bluu. "Wanaogopa kuanza kwa pasi fupi" ni nyekundu, na nyekundu haina haki ya kuingia kwenye ripoti mpaka bluu tatu au nne ziiunge mkono.

Wakiwa na mpira, yafuatilie mambo machache: kipa anaanzisha vipi, nani hupokea pasi ya kwanza, shambulizi huelekea zaidi upande gani, na wanapofika theluthi ya mwisho wanategemea krosi, pasi za katikati au mbio za winga. Sehemu hii huwashughulisha watu muda mrefu kuliko inavyostahili.

Sehemu yenye utajiri zaidi ni sekunde tano baada ya kupoteza mpira. Wakati huo mfumo ulioandikwa ubaoni huwa umevurugika, hakuna aliye mahali pake, na kila mchezaji hufanya kile alichozoea. Chukua mfano wa timu inayocheza 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, na yenye beki wa kulia anayependa kupanda. Simamisha video pale wanapopoteza mpira upande wa kushoto. Utamwona beki huyo wa kulia akiwa mstari mmoja na winga wake, beki wa kati aliye karibu naye akiwa amebaki katikati, kiungo mkabaji akiwa bado anautazama mpira, na nyuma ya beki aliyepanda pakiwa na nafasi kubwa inayofika hadi mstari wa pembeni. Endelea sekunde tatu, kisha simamisha tena. Je, kiungo mkabaji amekimbia kwenda kuiziba nafasi ile, au beki wa kati ndiye aliyevutwa hadi pembeni? Kama ni kiungo, basi alikotoka, mbele ya mabeki wa kati, pako wazi, na pasi ya pili yenu irudishwe hapo kwa mchezaji anayetokea nyuma. Kama ni beki wa kati, basi ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, amebaki beki mmoja, na inayotakiwa ni krosi ya chini ya mapema, kabla wengine hawajarudi. Ni nafasi moja, lakini majibu mawili yanataka mazoezi mawili tofauti kabisa.

Sasa hesabu. Pitia mechi zote tano na uandike kila tukio la namna hiyo, na jibu lililofuata. Likiwa lilelile mara nane kati ya kumi, umepata kitu cha kumpelekea kocha. Likiwa mara tano kati ya kumi, unachokishika ni bahati nasibu, nawe uliache hata kama lilikupendeza sana.

Wasipokuwa na mpira, tafuta alama inayowafanya waanze kukaba kwa presha. Timu chache hukaba muda wote. Nyingi husubiri ishara, kama vile pasi ya kurudi kwa kipa, beki anayepokea akiwa amegeukia goli lake, au mpira uliodunda vibaya. Ukiijua ishara hiyo mnaweza kuitumia kuwavuta, yaani kurudisha mpira kwa kipa makusudi na kuupiga juu ya vichwa vya wanaokuja mbio. Wanapopokonya mpira, angalia pasi ya kwanza tu: inakwenda mbele au pembeni, na kwa nani.

Kisha rudi kwenye lile swali lisilokosekana. Kata vipande vya video kuanzia bao walilofungwa hadi dakika kumi baadaye, na vingine kuanzia bao walilofunga. Kuna timu ambazo zikifungwa huongeza mshambuliaji wa pili mara moja na kuacha viungo wawili, kuna zinazotulia, na kuna zinazogombana zenyewe kwa zenyewe, nahodha akimnyooshea kidole kipa. Zikiwa mbele, angalia nani hupoteza muda na kwa njia gani. Tangu msimu wa 2025/26 sheria za mchezo zinasema kipa akiushikilia mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, wapinzani wake wapewe kona, kwa hiyo kipa mwenye tabia ya kuulalia mpira ni jambo la kumwambia nahodha wenu, ili amkumbushe mwamuzi kwa adabu mapema.

Mipira iliyokufa

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu, lifanye hili. Mpira ukiwa umesimama, mpinzani hurudia alichofundishwa, na alichofundishwa kinaweza kuandikwa. Tena hapa ndipo timu isiyo na fedha hulingana na yenye fedha, kwa kuwa kona haiulizi mishahara.

Anza na kona wanazopigiwa. Chora eneo la hatari kwenye karatasi na uweke namba ya jezi ya kila mlinzi aliposimama kabla ya mpira kupigwa. Rudia kwa kona kumi. Kama namba zinabaki mahali palepale bila kujali washambuliaji wamesimama wapi, wanakaba maeneo; kama zinawafuata washambuliaji, wanakaba mtu kwa mtu; na nyingi siku hizi huchanganya, wanne wakikaa kwenye mstari wa mita tano na watatu wakifuata watu. Ukishajua hilo, angalia mambo matatu. Kwanza, nani yuko kwenye mlingoti wa karibu, na urefu wake. Pili, kipa anatoka au anabaki kwenye mstari. Kipa anayebaki akiwekewa mtu mmoja mbele yake hatoki kabisa. Tatu, nani anasimama nje ya kumi na nane kusubiri mpira uliookolewa. Mara nyingi jibu la hilo la tatu ni "hakuna", na mpira wa pili ni wenu kila mara mkiweka mtu mwenye shuti hapo.

Kwa kona wanazopiga wao, andika mpigaji ni wa mguu gani na mpira unapinda kuelekea golini au unatoka. Andika anayekimbilia mlingoti wa karibu, anayebaki nyuma, na hasa yule asiyekusudia kuugusa mpira bali kumzuia mkabaji wenu. Mpigaji akiinua mkono mmoja au miwili, usiamini haraka kwamba ni ishara. Linganisha na kilichofuata, maana wapo wanaoinua mkono kwa mazoea tu. Mipira ya adhabu ya pembeni ifuate utaratibu huohuo. Mipira ya kurusha ya mbali usiipuuze kwenye viwanja vyetu vyenye upana mdogo, ambako mrushaji mwenye mikono mizuri huufikisha mpira kwenye mlingoti kama kona ya ziada.

Mchezaji mmoja mmoja, na takwimu

Hapa nitakuwa mfupi. Katika ripoti nyingi, mchezaji hatari wa mpinzani huelezwa kwa sifa: "ana kasi", "ni mjanja". Sifa hazimsaidii beki. Julai 2022 jijini Arusha, Abdul Suleiman, anayejulikana kama Sopu, aliifungia Coastal Union mabao yote matatu katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga, mechi iliyoisha 3-3 kabla ya Yanga kushinda kwa penalti. Mtu anayemsoma mchezaji aliye katika hali ya namna hiyo hana haja ya kuandika kwamba ni hatari, maana kila mtu anajua. Aandike anapokea mpira wapi, akiwa ameelekea wapi, nani humpa, na anafanya nini akinyimwa mguu anaoupenda. Beki akiambiwa "mpeleke nje, mguu wa kushoto, usiinuke kwa shuti la kwanza la uongo", ana kazi ya kufanya. Wachezaji watano wa namna hiyo wanatosha, pamoja na kipa na wale wawili wa akiba ambao huingizwa mara nyingi zaidi. Mabadiliko ni matano sasa, na timu inayomaliza mechi si ile iliyoanza.

Takwimu ziwe mtumishi. Timu iliyofunga mabao kumi katika mechi tano inaonekana kali, mpaka uone kwamba sita yalipatikana siku moja dhidi ya timu ya mkiani iliyokuwa na wachezaji kumi. Gawa mabao yao kwa namna yalivyopatikana, mipira iliyokufa, kushtukiza, pasi nyingi, makosa ya mpinzani, na pia kwa robo saa za mchezo, kisha uache hapo.

Uwanja, hewa na safari

Tanga yenyewe ni sehemu ya kikosi, na inafaa kupangwa kama mchezaji. Timu inayotoka nyanda za juu, tuseme Mbeya iliyo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, au mpinzani wa nje anayetoka Addis Ababa iliyo juu zaidi ya hapo, ikija kucheza saa kumi jioni kwenye joto na unyevunyevu wa pwani haiwezi kukaba kwa presha dakika zote kama inavyofanya kwao. Chunguza katika video zao za viwanja vya pwani presha hiyo hupungua dakika ya ngapi. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, pasi za chini hufa kwenye madimbwi na mabeki warefu wanageuka kuwa wafalme. Wakati wa kusi, mpira mrefu unaopigwa dhidi ya upepo hurudi, na kipa asiyeuzoea huuhesabu vibaya. Ulizia pia wapinzani wanafika lini na kwa usafiri gani. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni takriban kilomita 350, na timu iliyoshuka kwenye basi usiku wa kuamkia mechi hujulikana kwa miguu yake kipindi cha pili.

Jiulizeni hayohayo mnapokwenda kwao. Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kwa mfano, una nyasi bandia, mpira hukimbia na kudunda tofauti, na timu inayokwenda huko bila kufanya mazoezi kwenye nyasi za namna hiyo huanza kuuzoea mpira wakati mechi imekwisha kwenda nusu.

Kuifikisha kwa kocha na kwa wachezaji

Ripoti ya kocha iwe kurasa tatu au nne pamoja na michoro. Ya wachezaji iwe ukurasa mmoja, kwa lugha wanayoizungumza mazoezini. Mpelekee kocha kwanza, tena umweleze kwa mdomo, na umweleze kama mtu anayetoa ushahidi: "Mwalimu, namba sita wao akikabwa kwa nyuma hupiga pasi ya kurudi. Nimehesabu mara kumi na nne, kumi na moja amerudisha. Hizo tatu alizogeuka zilikuwa dhidi ya timu isiyomsogelea." Kocha akikubali, amueni pamoja nani atamsogelea na kutoka wapi. Asipokubali, usibishane, yeye ndiye anayejua kama kikosi chenu kina mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Wachezaji waonyeshwe vipande vya video vinane au kumi, kila kimoja sekunde zisizozidi ishirini, katika kikao kisichozidi robo saa. Wagawanye: mabeki na kipa peke yao, viungo peke yao, washambuliaji peke yao, halafu wote kwa ajili ya mipira iliyokufa. Anza na udhaifu wa mpinzani kabla ya nguvu zake, kwa sababu kijana wa miaka ishirini akianza kuoneshwa mabao saba mfululizo ya mshambuliaji wa wageni hatasikia unachosema baadaye. Waulize pia wanachojua. Mara nyingi chumbani kuna mtu aliyewahi kucheza na beki wao au kulala naye kambi moja, naye atakuambia jambo ambalo video haina, kwamba beki huyo akikasirishwa hupoteza kichwa, au kwamba goti lake la kulia halijapona vizuri. Yaliyobaki yahamie uwanjani: kikosi cha pili kivae rangi ya wapinzani na kicheze kama wao kwa siku mbili, mchezaji wa akiba akipewa jina na namba ya kila mmoja wao.

Kati ya mkondo wa kwanza na marudiano

Hapa ndipo mechi mbili zinapojitenga na mechi moja, na hapa ndipo wachambuzi wengi hulala, wakidhani kazi yao iliisha filimbi ya kwanza ilipopulizwa. Mwaka 2024 Coastal Union, ikiwa inashiriki Kombe la Shirikisho Afrika baada ya kumaliza ligi katika nafasi ya nne, ilifungwa 3-0 na Bravos do Maquis ya Angola ugenini, na marudiano yakaisha 0-0. Ukisoma matokeo hayo kwa utulivu utaona kwamba timu hizo mbili zikiwa hapa nchini zilitoshana, na kwamba pambano liliamuliwa ugenini katika mkondo wa kwanza. Kwa hiyo kazi nzito ya kumsoma mpinzani iwe imekamilika kabla ya safari ya kwanza, na lengo la mkondo huo liandikwe kwa tarakimu: matokeo gani yanakubalika, na dakika ya ngapi tunaacha kutafuta bao na kulinda tulichonacho.

Mkondo wa kwanza ukiisha, tazama mechi hiyo usiku uleule au kesho yake, lakini itazame ukiwa upande wa mpinzani. Jifanye mchambuzi wao. Angeandika nini kuhusu beki wenu wa kushoto? Kona yenu iliyozaa bao atakuwa ameshaichora. Kiungo wenu aliyetamba atapewa mtu wa kumfuata. Andika mabadiliko matatu unayoyategemea kutoka kwao, na kwa kila moja andika jibu lenu. Kisha pitia ripoti yako ya kwanza na uweke alama: lipi lilitokea kama ulivyosema, lipi halikutokea, na lipi hukuliona kabisa. Yale yaliyotokea mara nyingi katika mkondo wa kwanza yana uzito kuliko yote uliyoyaona kwenye video, kwa sababu sasa yametokea dhidi yenu ninyi.

Matokeo nayo hubadilisha tabia. Jwaneng Galaxy waliokuja Dar es Salaam wakiwa nyuma kwa mabao mawili hawakuwa na cha kupoteza, na timu isiyo na cha kupoteza haifanani na ile uliyoitazama kwenye ligi yao. Ndiyo maana vile vipande vya "wakitangulia kufungwa" vinatakiwa kutazamwa upya wiki hii kama ninyi ndio mnaoongoza, na vile vya "wakiwa mbele" kama ninyi ndio mlio nyuma. Hesabu za bao la ugenini zielezwe kwa wachezaji kwa mifano ya matokeo, si kwa maneno ya kanuni. Kwa mfano, mkiwa mmeshinda 2-0 mkondo wa kwanza: tukifungwa 1-0 tunapita, tukifungwa 2-1 tunapita, tukifungwa 2-0 ni penalti. Kila mchezaji aweze kujibu akiulizwa ghafla.

Penalti

Mapambano ya Afrika yanayokwisha kwa kutoshana mara nyingi huamuliwa hapa. Simba na Orlando Pirates walishindana 1-0 kila mmoja nyumbani kwake Aprili 2022, na Pirates wakapita kwa penalti. Yanga na Mamelodi Sundowns walitoka 0-0 mara mbili mwaka 2024, na Sundowns wakapita kwa penalti. Kwa hiyo kusanya penalti zote za mpinzani unazoweza kuzipata, za ndani ya mechi na za baada ya mechi, hata za misimu iliyopita, na uandike mpigaji, upande, urefu wa mpira, na kama hupiga moja kwa moja au humsubiri kipa aanze kuhama. Anayemsubiri kipa andikiwe "usihame". Kwa upande wa kipa wao, angalia huanza kwenda upande gani na mapema kiasi gani, ukikumbuka kwamba sheria inamtaka abaki na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari wa goli au nyuma yake mpaka mpira upigwe. Wapigaji wenu wapewe taarifa hiyo siku mbili kabla ili waifanyie mazoezi, wala wasiambiwe jambo jipya wakiwa katikati ya uwanja. Kipa wenu apewe karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye chupa yake ya maji, yenye namba za jezi na mshale mmoja kwa kila namba. Mpigaji ambaye umemwona akipiga mara moja tu usimwekee mshale, kipa ajiamulie mwenyewe.